Magamba Mia Nne na Nafasi Moja Melini

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: meli inayokwenda kuchimba tope la baharini ina nafasi moja tu kwa maabara yetu. Mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Atakayewahi kupeleka magamba mia nne safi kwenye mashine ya kupima oksijeni yake, ndiye! Magamba yenyewe ni ya vijidudu vya baharini vya zama za barafu, madogo kama chembe za mchanga. Unayaokota moja moja kwa ncha ya brashi, jicho kwenye hadubini, mpaka shingo inakakamaa. Nimemwambia Shangazi nafasi ni yangu. Ameshaanza kunifumia sweta.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza mia nne. Miwani ana mia mbili! Anaokota huku anaimba, maringo matupu. Ila yangu yana uchafu, na kuyasafisha kwa maji ni kazi ya siku mbili. Nimekumbuka Shangazi anavyong'arisha birika kwa siki. Nani mwenye akili hapa?

Jumatano, 5 Machi
Nimemimina siki. Povu! Nikashangilia: uchafu huo unatoka. Povu likaisha. Magamba nayo yakaisha. Bahari ya miaka elfu ishirini, hivi hivi naiona inayeyuka! Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Halafu nikakumbuka kabatini kuna chupa ya tope la juu kabisa la sakafu ya bahari, la juzijuzi. Vijidudu ni vilevile. Gamba ni gamba, nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya mashine tayari. Zama za barafu, oksijeni nyepesi ilinaswa kwenye barafu ya nchi kavu, ile nzito ikabaki baharini na kwenye magamba. Hilo hata mfagizi wetu analijua. Yangu yamekutwa mepesi kama ya leo. Basi nimegundua jambo: barafu haikuwepo! Nimeandika hotuba, kurasa tatu. Nimemshukuru Shangazi mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Profesa hakutaka hotuba. Aliuliza, kwa upole wa kutisha, mbona chupa ya tope la juu imebaki nusu na kijiko changu cha chai kimo ndani. Nikasema yote, kuanzia birika. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema gamba ni chokaa, na chochote kichachu hula chokaa. Sawa. Siki sitaigusa tena maishani! Anakwenda Miwani. Roho imeniuma, acha tu. Na Shangazi, msaliti, amempa sweta langu. Eti huko melini kuna baridi.

Ijumaa, 14 Machi
Miwani na Profesa wameondoka. Mashine ina foleni, kwa hiyo Miwani ameniachia magamba yake mia nne niyapeleke Jumatatu. Alisema ananiamini, niyafunike tu. Machozi yalinilengalenga. Binti ana moyo mzuri yule, na mimi nilimsema vibaya! Lazima nimlipe wema. Nimeyachungulia: yana vumbi kidogo. Siki? Thubutu! Mimi si mtu wa kurudia kosa.

Nimenunua ndimu.