Vitambaa vya Kugeuza Shingo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu, miezi mitatu hujakanyaga hapa. Hao wagonjwa wako wamekuoa? Hospitali ina wauguzi tele. Binti yako ana mama mmoja. Haya, vua viatu, kaa, soma daftari hili lote kabla hujaniuliza swali. Shule sikwenda, herufi nimefundishwa na vipimo vya wateja. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Mtoto ameachwa benchi. Jumamosi kocha anachagua wasichana watano wa kwenda kambi ya soka, na wako hamtaki. Eti kila akipokea mpira ananyang'anywa. Hajala. Amelala kaugeukia ukuta.

Nimekwenda kutazama mazoezi. Ugonjwa nimeuona kabla sijakaa. Miguu mizima kabisa. Macho ndiyo yameganda kwenye mpira kama nzi kwenye kidonda. Mpira ukija, dunia nyingine yote inazimika, na mwenzake anamjia kwa nyuma mchana kweupe.

Mimi nimeshona barazani miaka arobaini. Sindano siitazami, mkono unaijua. Macho yako barabarani. Mteja ambaye gauni lake halijaisha namwona akiwa bado kona ya mbali. Akifika mlangoni, mimi niko uani nimejifungia chooni. Mpira nao ni hivyo hivyo. Mguu uachiwe kazi yake, macho yaende kuzurura.

Nimemweleza kocha. Kaniuliza niliwahi kuchezea timu gani. Nimemjibu kuwa pindo la suruali yake limeshonwa na adui yake.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata dawa. Vipande vya nguo vilivyobaki kwa wateja: chekundu, cha manjano, cha kijani. Mtoto anapiga mpira ukutani uani, mimi nasimama nyuma yake nimeinua kimoja. Kabla mpira haujamrudia, ageuze shingo ataje rangi.

Mara kumi za kwanza kasema nyekundu zote. Anabahatisha, kama baba yake. Kila akikosa, rula ya kukatia nguo inamgusa mgongoni. Akalia kidogo, akacheka kidogo. Kufikia alasiri, kati ya kumi kapata tisa. Amekula sahani mbili.

Kesho kuna mechi ya kirafiki. Nakwenda na vitambaa vyangu.

Jumatano, tarehe 6

Mtoto kaingizwa baada ya mapumziko. Mimi nimesimama kando ya mstari, kitambaa cha manjano juu. Kageuza shingo. Kaniona. Kasema manjano, kwa sauti safi. Moyo wangu ulijaa.

Sasa nani alijua kuwa mshika kibendera naye ana cha manjano? Mabeki wetu wameona manjano inapepea, wakadhani adui ameotea. Wamesimama wote, mikono juu, kama wanaombewa. Wapinzani hawakusimama. Bao. Mwamuzi kasema hakupuliza filimbi yoyote, kwa hiyo bao ni bao.

Kocha kanisindikiza mpaka getini. Kaniita mama, kwa adabu zote, kisha kasema nisionekane tena uwanjani mpaka msimu uishe. Mtoto karudishwa benchi palepale.

Njiani ametembea hatua kumi mbele yangu. Hakugeuza shingo hata mara moja.

Alhamisi, tarehe 7

Hasemi nami. Kuomba radhi katika ukoo wetu hakujawahi kumtoka mtu, nawe ni shahidi. Nimembadilishia zipu ya begi. Nimemshonea na mfuko wa ndani.

Jioni kaja mwenyewe. Kaniambia hii ndiyo nafasi yake ya mwisho, na niape kwamba Jumamosi sitaonekana. Nimeapa. Sitaonekana. Sikusema sitakuwepo.

Ijumaa, tarehe 8

Kocha ametuma suruali nimrekebishie pindo. Nimeishona vizuri. Ugomvi ni ugomvi, kazi ni kazi.

Kisha nimelitoa sandukuni koti la marehemu baba yako. Na kofia. Na bakora.

Jumamosi, tarehe 9

Nimekaa nyuma ya goli pamoja na wazee. Mmoja kaniamkia: shikamoo, mzee. Nimekohoa tu.

Dakika ya ishirini, msichana wa kati kateguka mguu. Kocha kaangalia benchi kwa huzuni, akamwita wako.

Mwanangu, ungekuwepo. Mpira haujafika, shingo kushoto. Haujafika bado, shingo kulia. Kama kuku anayevuka barabara. Adui anamjia kwa nyuma, anakuta ameshaondoka na mpira wake. Kisha kaona uchochoro kati ya mabeki wawili ambao hata mwamuzi hakuuona, kaupitisha mpira humo. Bao.

Hapo nilijisahau. Nimesimama na bakora juu, nikapiga kelele: kijani! Wazee wote wamenigeukia. Mzee mwenye sauti ya bibi. Kocha naye kaniona, kajishika kiuno.

Watano wametajwa. Wako wa kwanza. Nimelilia kwenye kofia ya baba yako.

Kocha kamuuliza mtoto nani kamfundisha kutazama vile. Kajibu kwamba alikuwa anamtafuta bibi. Alijua nipo mahali fulani, ila hakujua nitazuka upande gani, na nimeshika nini mkononi.

Jumapili, tarehe 10

Kocha kafuata suruali yake. Kasema, kwa upole, kwamba mtoto sasa ana macho yake mwenyewe, vitambaa vipumzike, na kambini bibi haruhusiwi. Mtoto naye kanikumbatia, kanisihi nibaki nyumbani. Nimewaitikia wote wawili. Ndiyo, wanangu. Nimeelewa.

Hawajaelewa wao. Shingo ile inageuka kwa sababu mimi nipo mahali fulani. Akijua kwa hakika nimekaa barazani, itakauka kama saruji. Basi nimeshakwenda kupima ukuta wa kambi kwa utepe wangu: unanifika kidevuni. Na tangu asubuhi nashona ovaroli ya mfagizi wa uwanja. Koti lilikuwa zuri, kosa lilikuwa sauti tu.

Kwa hiyo ukija tena usiniletee sukari. Niletee viatu vya kiume, namba thelathini na nane, na filimbi, ili nisilazimike kupiga kelele. Usinitafute barazani. Pitia uani taratibu, na kabla hujashika kitasa cha mlango, geuza shingo.