Kuku wa Kutafutia Nyumba

Jumanne, 1 Septemba 1959

Nimefika Wete. Alhamdulillahi! Gari limenitikisa kutoka kwetu shamba, Wingwi, mpaka meno yamelegea. Cherehani salama. Niliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Bibi mmoja akaniuliza kama imeshaanza kuota meno. Watu wa gari hawaelewi mambo makubwa.

Kazi ninayo. Bwana Nasor, fundi mkubwa wa nguo hapa mjini, kanipa pembe ya barza yake, pale mbele ya mlango, nishonee. Nyumba sina. Mke wangu Mwanawema anakuja na mtoto Jumapili. Wakati wa kuagana hakuniomba ghorofa wala mlango wa nakshi. Alisema, “Silima, nitafutie mtaa ambao nikiita, mtu ataitika.” Basi.

Najua kwa nini. Masika iliyopita binti yetu Time alibanwa kifua, pumzi ikawa inatoka kama filimbi. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, matope magotini, hospitali haifiki. Mwanawema aliita njia nzima. Tulikuwa sisi na vyura tu. Ndiyo maana tunahama.

Nimemwahidi mtaa mwema. Nitautafuta. Lakini je, ni dhambi mtaa mwema ukiwa na dirisha? Naliona nikifumba macho. Dirisha la juu, pazia jeupe, bahari chini, harufu ya karafuu zilizoanikwa inapanda polepole. Mimi nimekaa, kikombe cha kahawa mkononi. Watu wanapita chini wanasema, yule pale ndiye Fundi Silima.

Nimefikia kwa Ame, kaka wa mke wangu, mwoka mikate ya boflo. Kabla sijakaa kitako kasema iko nyumba tupu nyuma ya tanuri lake. Nimemshukuru sana. Sihamii! Shemeji akiwa ukutani, hata kupiga chafya utaomba ruhusa.

Jumatano, 2 Septemba

Nimezunguka mji mzima. Kila barza nimeuliza mtaa gani unafaa kulea watoto. Kila barza imejibu: huu huu! Kizimbani wanasema Limbani hakulaliki. Limbani wanasema Utaani hakuna heshima. Utaani wamenipa kahawa, wakasema wote kwa pamoja, sikuelewa kitu.

Na siasa hizi! Hujaulizwa jina, umeulizwa chama. Nikasema mimi fundi, nashonea vyama vyote. Mzee mmoja akasema mtu wa namna hiyo hana mtaa, ana barabara. Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Nimelala kitandani kwa Ame nikitazama boriti. Mtu ukimwuliza habari za mtaa wake, husema uongo. Lakini mtu ukimjia na shida, hawezi kujificha. Utamwona alivyo. Kwa hiyo nahitaji shida. Shida ndogo, safi, ya kubebeka.

Nimeipata! Nitapotelewa na kuku.

Alkhamisi, 3 Septemba

Akili hii Mungu hakumpa kila mtu.

Nimepiga hodi nyumba baada ya nyumba, uso wa huzuni, kumwulizia kuku wangu. Kuku mwenyewe nimemtunga kwa uangalifu asije akapatikana. Mweupe, ana kishungi kichwani, na mguu wa kushoto anachechemea. Wapi duniani yuko kuku kama huyo?

Mtaa wa kwanza, mwanamume mmoja aliongea nami kupitia tundu la mlango. Nikaufuta. Wa pili waliniambia mwenye kuku hutunza kuku. Nikaufuta pia. Limbani, lo! Watu walitoka. Wanawake walichungulia uani, watoto walitambaa chini ya vitanda, mtu mmoja alipanda mpapai, sijui kwa nini. Mtaa wa watu hasa.

Kisha nikafika kwa Bi Zuweina, bibi mjane, nyumba kubwa ya zamani mtelemkoni. Alinikaribisha juu nipumzike. Nikapanda ngazi. Nikaingia chumbani.

Dirisha!

Pana, linatazama mlango wa bahari. Mikoko imekaa kimya kama watu waliokwisha kusali. Maji yanang'aa, upepo unaingia na kutoka bila kupiga hodi. Sijui nilisimama muda gani. Bi Zuweina aliita mara nyingi ndipo nikasikia. Alikuwa anasema vyumba hivi vya juu ni vya kupangisha, ila hapendi wapangaji wa ovyo. Lakini mtu anayemhangaikia kuku mmoja namna hii, alisema, nyumba ataitunza. Nirudi kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Nimetembea mpaka kwa Ame miguu haigusi chini. Sikumwuliza bibi wa watu majirani zake ni nani. Ngazi nazo ni ndefu na zimesimama wima, kwa mtoto mwenye kifua si nzuri. Lakini upepo ule! Upepo ule ni dawa.

Ijumaa, 4 Septemba

Baada ya sala nilikwenda mbio. Bi Zuweina alinipokea kwa tabasamu, mkono mmoja nyuma. Nikajua ni ufunguo.

Alikuwa kuku.

Mweupe. Ana kishungi. Anachechemea mguu wa kushoto!

Kasema alimkuta asubuhi anaparua chini ya ngazi, akamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Ningefanya nini? Nilimkumbatia. Nilisema maneno ya mapenzi. Kuku akanidonoa kidevuni. Bi Zuweina akasema, ona, amemjua bwana wake. Tumekubaliana nihamie Jumapili.

Ame ameniona naingia na kuku. Kaniuliza nimeanza lini kufuga. Nikamwambia mtu wa mjini hafugi, kuku humfuata mwenyewe. Kaenda kwenye tanuri lake, mabega yanatikisika.

Jumamosi, 5 Septemba

Siku nyeusi. Naandika kwa ufupi kwa sababu kidevu kinauma na moyo pia.

Asubuhi nilimchukua kuku nikamwachie mbali, aende kwao. Mawazo mazuri, njia mbaya. Nilikata kwenye kichochoro cha bondeni, Limbani. Mbele yangu akasimama mwanamke mnene, kanga kajifunga kiunoni, ndoo mkononi. Akamtazama kuku. Akanitazama mimi. Akaiweka ndoo chini pole pole, na hapo ndipo nilipoogopa.

“Weye! Binti Sultani wangu wampeleka wapi?”

Nikasema huyu ni kuku wangu, mji mzima unajua nimepotelewa. Naye akasema mji mzima unajua yeye ndiye aliyepotelewa, ila yeye hakuzunguka na kilio, alizunguka na fimbo. Akaita mara moja tu. Milango yote ya kichochoro ikafunguka! Sijapata kuona. Wanawake, wazee, kinyozi na wembe wake mkononi.

Tukaenda kwa sheha, msimamizi wa mtaa. Sheha, mtu mpole, akamweka kuku katikati ya uwanja, akasema kila mmoja amwite. Mimi nikaita, “Njoo, kishungi changu, njoo!” kwa sauti tamu kabisa. Kuku akajipangusa mdomo. Bi Mwatima, ndilo jina la yule mama, akasema, “Binti Sultani!” Kuku akaruka, kile kilema chake chote kikasahaulika, akampanda begani.

Watu walipiga vigelegele.

Ame aliitwa kunidhamini. Sheha kasema tuonane naye tena Jumatatu, akiona haja atatupeleka kwa mudiri, mkubwa wake wa serikali. Jioni Bi Zuweina ameniletea ujumbe: vyumba vya juu havipangishwi tena, anavipenda mwenyewe.

Dirisha langu! Nimefumba macho nilione. Limekuja, lakini ndani yake kakaa kuku.

Kesho Mwanawema anafika. Nyumba sina.

Jumapili, 6 Septemba



Gari lilifika sokoni mchana, jekundu kwa vumbi. Mwanawema alishuka wa kwanza, Time mikononi. Nilianza maneno yangu niliyoyapanga. Hakunisikiliza. Nikamtazama mtoto. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Ile filimbi ilikuwa imerudi kifuani mwake, nyembamba, inakatika.

Mimi nilisimama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama kama mti.

Mwanawema akaita, “Jamani! Mtoto!”

Alikuwa hajamaliza neno, mtu keshafika. Kanga kiunoni, kikapu cha samaki kimetupwa chini. Bi Mwatima! Hakuuliza mtoto wa nani. Alimchukua, akamkalisha wima kifuani pake, akawapigia watu kelele wapishe hewa. Akamwona Ame anapita na baiskeli ya mikate. Akamwamuru amwage boflo. Ame akamwaga. Boflo zote chini, mchana kweupe! Bi Mwatima akapanda nyuma na mtoto, Ame akakanyaga, sisi tukakimbia nyuma yao.

Daktari alimpiga sindano. Tulikaa nje. Mwanawema alinishika mkono. Saa zile sikuota chochote. Nilisikiliza tu kupitia mlangoni. Kisha filimbi ikapungua, ikapungua, na Time akasema anataka maji.

Bi Mwatima alikaa nasi mpaka alasiri. Hapo ndipo alipogeuka akanitazama vizuri.

“Kumbe mtoto huyu wa mwizi wangu?”

Mwanawema akauliza mwizi gani. Ikanibidi niseme yote, tangu kuku wa kutunga mpaka kuku wa kweli. Nilitazama sakafu. Halafu Bi Mwatima akaanza kucheka, polepole kwanza, kisha mpaka muuguzi akatoka kumnyamazisha. Kasema ameishi Limbani miaka yote, hajapata kuibiwa kwa adabu namna ile. Kesho atamwambia sheha yameisha.

Mwanawema hakucheka. Alimwuliza Bi Mwatima anakaa wapi, na kama jirani pake kuna nyumba.

Ipo, ukuta kwa ukuta. Mwanawema hakwenda hata kuiona. Amesema ameshaiona.

Jumatano, 9 Septemba

Tumehamia bondeni. Vyumba viwili, ua mdogo, kisima karibu. Dirisha lipo. Linatazama banda la kuku.

Ame kaleta boflo za moto na taa ya chemli. Hakusema neno hata moja la kunisuta. Ni mtu mbaya sana.

Time anacheza nje na watoto wa kichochoro. Leo alikohoa kidogo tu, kikohozi cha mavumbi, na vichwa vitatu vikatoka milangoni kumtazama. Mwanawema alikuwa anachekecha unga. Aliviona vichwa vile, akainamia chekecheo, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilijifanya natia uzi sindanoni. Nilijifanya muda mrefu.

Kichochoro kizima kinaniita Baba Kuku. Wanaoleta kanzu kushonwa wamekuwa wengi, wanataka kuniona. Bwana Nasor hajui afurahi au aone aibu.

Nimeapa. Uongo basi! Mtu akiwa na mtaa kama huu atafute nini tena?

Ijumaa, 11 Septemba

Mwezi wa Maulidi umeingia. Jioni nilitoka kunyoosha miguu, nikafika mwisho wa kichochoro kwenye nyumba ya Mwalim Himid, anayefundisha skuli. Mtu mpole, mgeni, anaishi peke yake. Barza yake iko juu kidogo kuliko zetu. Nilikaa naye.

Upepo!

Unatoka moja kwa moja kwenye mikoko, unapita hapo, na hapo tu. Nilifumba macho. Nikamwona Time anapumua kama malaika, Mwanawema anasuka ukili, mimi na kahawa yangu. Majirani ni hawa hawa. Kuita ni kuitikiwa kule kule. Sivunji ahadi hata kidogo!

Mwalim hana watoto. Nyumba ile ya nini kwake? Anachohitaji ni sababu ndogo tu ya kuhama kwa hiari yake, tukabadilishana. Nikamwuliza, kwa mbali, kama usiku husikia kitu darini. Kasema hapana. Nikatikisa kichwa kwa huruma.

Kesho nitamweleza habari za jini. Ila Mwalim ni mtu wa elimu, jini wa kawaida hatamshughulisha. Itabidi awe jini anayejua hesabu.