Mnyama wa Kale Niliyempeleka Ukweni Matogoro

Leo nimeaibika. Tena ukweni, tena nikiwa na shati jipya.

Mnanijua, mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Songea. Mnajua pia kwamba kwa Jeni nimekufa nimeoza. Leo ndiyo nimekwenda kwao Matogoro kujitambulisha kwa baba yake, mzee ambaye sifa zake zimetangulia. Wachumba wawili keshawatimua. (Mmoja alikuwa mhasibu! Ana gari!)

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo sukari na mchele nilibeba. Lakini nilitaka mzee aone kwamba binti yake kapata msomi. Sasa wiki iliyopita, kwenye kijito kule kule chini ya milima ya Matogoro, niliokota jiwe jekundu, kingo zimelika na maji. Katikati lina alama ya kitu kirefu, kimejaa vigamba vidogo, safu kwa safu. Moyo ulinilipuka paa! Kisukuku! Mabaki ya kiumbe aliyegeuka jiwe, na nimemwokota mimi! Nikalifunga kwenye leso, nikasema hili ndilo litakalonipa mke.

Nimefika. "Shikamoo baba." "Marahaba." Mama yuko jikoni nyuma ya nyumba. Jeni ananikonyeza nisiongee sana.

Nikaongea sana.

Nikafungua leso. "Baba, huyu ni wa kale kuliko konokono wote. Tumbo laini, mgongoni magamba. Alitambaa chini ya bahari enzi ambazo nchi kavu haikuwa na hata jani."

"Kwa hiyo ni konokono?"

"Hapo ndipo wataalamu wanapogombana, baba! Wapo wanaomweka ukoo mmoja na konokono na chaza. Wapo wanaosema ni binamu tu wa ukoo huo. Wengine wanamsogeza kwa minyoo. Wanaangalia viungo: ana unyayo wa kutambalia? Ana ulimi wenye meno ya kukwangulia? Huyu anayo, tazama." (Nilimwonyesha meno kwa kidole. Jamani, niliyaona kabisa.)

"Na wasipoelewana?"

"Hawamtupi, baba. Wanamweka kando, kwenye kundi la wasiojulikana ukoo, mpaka ushahidi upatikane."

Mzee akaligeuza jiwe. "Mh! Na wapo wengine kama huyu?"

"Mkoa mzima wa Ruvuma, huyu peke yake!"

Mzee akaliweka mezani taratibu. "Haya mwalimu, chakula tayari. Pita nyuma kule jikoni ukanawe."

Hapo nilipaswa kushtuka. Mgeni wa ukweni huletewa maji pale alipokaa, anamiminiwa mikononi. Mimi natumwa uani! Nikajisemea, tayari, nimeshakuwa mwana wa nyumba. Nikatoka na mwendo wa maringo.

Nyumba yao mbele ina plasta na rangi. Jiko la nje halina plasta. Jeni akanimiminia maji, nikanawa, nikainua uso.

Ukuta mzima ni mnyama wangu. Kila tofali! Juu, chini, kwenye kona, hadi pale juu ya mlango. Ukoo wote umekuja kunipokea.

"Jeni, hizi alama..."

"Gunzi hilo. La mahindi. Bondeni watu wanafyatua matofali sehemu moja, baba anagandamiza gunzi kwenye kila tofali likiwa bichi, yasichanganyike na ya wenzake. Kwani wewe ulifikiri..."

Akanitazama. Halafu akakaa chini kabisa, jagi mkononi, anacheka hadi machozi.

Na mimi nimemwonyesha mzee meno! Ya gunzi! Nilipima uzio, nikaona naweza kuuruka. Lakini nikiruka, nitakuwa mchumba wa tatu. Nikarudi ndani.

"Umenawa?"

"Nimenawa, baba."

"Ukuta wangu umeuona?"

Ningeweza kusema ukuta gani. Ulimi ulishafika hapo. Lakini nikamwangalia Jeni mlangoni, anajifuta machozi, nikaona bora niaibike.

"Nimeuona, baba. Jiwe langu ni kipande cha tofali lako, na mnyama wangu ni gunzi. Hata yale meno... sikuyaona."

Jikoni sufuria likaanguka. "Yesu na Maria!" Mama naye alikuwa anasikiliza.

Mzee hakucheka. Alichukua paja la kuku, akaniwekea kwenye sahani. Tukala, jiwe liko katikati yetu karibu na chumvi. Wakati wa kuaga nikajikaza.

"Baba, sasa kuhusu Jeni?"

"Wale wenzako wawili niliwatupa," akasema. "Wewe sikutupi. Nimekuweka kando, kwenye lile kundi lako, mpaka ushahidi upatikane."

"Ushahidi gani, baba?"

"Jumamosi tunafyatua matofali. Njoo na nguo za kazi. Magunzi ninayo."

Basi msinicheke. Mwenye gambuti za kuazima anitafute kabla ya Jumamosi.