Mkorofi wa Jumatano

Ilitangazwa rasmi kwa kipaza sauti, mbele ya jengo la wagonjwa wa nje, kwamba vurugu zote hospitalini zimesitishwa kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Aliyetangaza ni Mkurugenzi mwenyewe, ndani ya suti ya rangi ya majivu. Wale wenye mazoea ya kupiga wauguzi aliwaomba, kwa heshima na taadhima, wamalize shughuli hiyo Jumapili.

Tangazo halikutoka hewani. Muuguzi wa mapokezi alikuwa amepigwa chupa ya chai na mtu aliyemsubiri daktari tangu alfajiri, akashonwa juu ya jicho. Mkurugenzi akaunda kamati, kamati ikakaa, ikanywa chai, ikabaini kwamba chanzo cha vurugu ni chupa. Chupa za chai zikapigwa marufuku getini. Muuguzi Mkuu, mama wa makamo asiyemumunya maneno, alisema kikaoni kwamba watu hawapigani kwa sababu wana chupa. Wanapigana kwa sababu madaktari ni wawili na foleni imefika barabarani. Mkurugenzi alimshukuru kwa mchango wake wenye hisia, kisha akaendelea na ajenda.

Ajenda ilikuwa Mwongozo wa Kumdhibiti Mkorofi, ambao Mkurugenzi aliuandika kwa mkono wake na kuusifu kwa mdomo wake. Mkorofi, ulisema mwongozo, hutambulika kwa mambo matatu: atadai mgonjwa wake yuko taabani, atauliza kama mnamjua yeye ni nani, na akibanwa atasema hatanii. Asijibiwe kwa ukali. Aambiwe, "Tunakuelewa, ndugu," aketishwe kwenye benchi kati ya walinzi wawili, na asiachiliwe mpaka ashukuru.

Siku ya zoezi la majaribio ilipangwa Jumatano, na mgeni rasmi akawa Katibu kutoka wizarani. Kwa kuwa zoezi lilihitaji majeruhi wa kuaminika, madaktari wote wawili walilazwa kwenye machela, mmoja amefungwa bandeji taya zima, mwenzake amezirai kwa maelekezo. Wa kuigiza mkorofi alikodiwa msanii wa maigizo. Huyo alifika mapema, ila alikuja na chupa ya chai ili kunogesha, na mlinzi wa getini akamdaka pale pale.

Mchana huo Mkurugenzi alikuwa nyumbani anabadilisha shati. Mama mkwe wake alikuwa amewatembelea, na tangu ashuke na mizigo yake alikuwa hajafunga mdomo. Ghafla, mezani, akanyamaza. Mwiba wa samaki ulikuwa umemkwama kooni. Macho yalimtoka, mate yakawa yanamchuruzika, na mkono wake ukashika kitambaa cha meza kama anayezama.

"Mama akipatwa na lolote," mkewe alimwambia taratibu, "mimi na wewe basi."

Mkurugenzi hakungoja dereva. Alimpakia mama mkwe garini, shati halijafungwa vifungo, miguuni malapa ya mkewe, akaendesha kama mwendawazimu. Aliingia chumba cha dharura, ambako Katibu na wauguzi walikuwa wanamsubiri mkorofi wa zoezi, amemshika mama mkono, akauliza kwa sauti daktari yuko wapi, mgonjwa wake anakufa.

Ukumbi mzima ukamgeukia kwa heshima. Muuguzi Mkuu aliwageukia wenzake akawanong'oneza kwamba bosi ameamua kuigiza mwenyewe, tena kwa malapa, na kwamba kiongozi wa namna hii hajawahi kumwona. Kisha akasogea mbele.

"Tunakuelewa, ndugu."

"Sista, hivi unajua unaongea na nani? Mimi sitanii."

Wauguzi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Alikuwa amemaliza vipengele vyote vitatu bila kutazama karatasi.

Mkurugenzi aliwakimbilia madaktari. Alimtikisa yule wa taya, na daktari, akifikiria kupandishwa cheo, akaguna kwa uchungu zaidi. Alimtikisa aliyezirai, naye akazirai upya. Hapo Mkurugenzi akavua lapa la kulia akalirusha bila kulenga. Likatua kwenye paji la uso la Katibu. Katibu alijipangusa, akamwambia aliyekaa jirani yake kwamba uhalisia kama huu hajauona hata kwenye semina za nje.

Walinzi wawili wakamkalisha Mkurugenzi kwenye benchi, mama mkwe kando yake. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Mama alikuwa anahema kwa shida, na kila mtu alikuwa anatabasamu. Mwanamke mmoja wa kwenye foleni, mwenye mtoto anayechemka homa mgongoni, alimshauri kwa upole kwamba akipiga kelele aelekee dirishani, huko angalau kuna watu wanaosikia. Mkurugenzi akaanza kulia.

"Asante," alisema mwishowe.

Mlinzi alimkumbusha kwamba kwa mujibu wa mwongozo, shukrani iwe ya uso mkunjufu. Mkurugenzi akatabasamu, machozi yakimdondoka, mguu mmoja umevaa lapa la waridi na mwingine mtupu. Mama mkwe alimtazama. Akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa kikohozi cha kutikisa mbavu, na mwiba ukachomoka ukaangukia tai ya Katibu. Watu wakapiga makofi.

"Mkwe wangu," mama alisema akijifuta mdomo, "kumbe una sauti. Miaka yote hii nilidhani binti yangu ameolewa na redio iliyoishiwa betri."

Mkurugenzi alijaribu kumweleza Katibu ukweli. Katibu alimkumbatia, akasifu unyenyekevu wake, akaagiza zoezi lirudiwe kila Jumatano, mkorofi awe yule yule, na kwa ajili ya uhalisia akae kwenye foleni tangu asubuhi kama wenzake. Mkubwa hakataliwi. Msanii, kwa upande wake, alikaa getini hadi jioni, akishukuru bila kuaminika.

Jumatano ya kwanza Mkurugenzi alikwenda na gazeti. Ya pili alisahau gazeti, akagombana na mtu aliyeruka foleni. Baada ya ile ya tatu, mama mkwe akaamka goti limevimba. Mkurugenzi alimpeleka, wakakaa foleni. Jua lilipanda, foleni haikusogea hata hatua. Alipouliza, aliambiwa madaktari wote wameitwa ghorofani, kwenye kikao cha kamati ya amani, mwenyekiti ni Katibu.

Mkurugenzi alivua kiatu, akapanda ngazi, akausukuma mlango kwa bega. Katibu alipomwona alichangamka, akawaambia wajumbe waweke vikombe chini na wamtazame kwa makini mtaalamu anavyofanya kazi.

Muuguzi Mkuu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, aliinua macho kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa Alhamisi. Akasogeza kiti chake pembeni, kumpisha.