Kitambaa cha Mama Honorine na Neno Lililovuka Mpaka

Kifuniko cha birika kiligonga mara tatu kabla ya mapambazuko, na hilo ndilo lililokuwa baragumu la vita hivi. Sogeeni, basi, enyi mlionawa uso na enyi msionawa, mpate habari za Honorine Mwenze wa Katuba, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mshinda moshi wa makaa, aliyelikabili neno la Kiingereza akiwa na mwavuli tu.

Neno hilo lilikuja katika barua ya mukwe wake, Mama Chileshe, mwalimu wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, ambaye mwanawe alimwoa Joëlle, mjukuu wa Honorine. Barua ilikuwa ya Kibemba, lugha aliyoachiwa Honorine na mama yake wa Kipushi. Lakini katikati, kama ngome uwandani, lilisimama neno moja geni. “Nitafika Jumamosi saa sita. Unitafutie kitambaa cha kichwa kama kile ulichovaa kwenye harusi ya watoto wetu, kile *rufescent*.”

Na Jumamosi ilikuwa leo. Joëlle aliishi kwa mama mkwe. Kumuuliza yeye kungekuwa kumuuliza mukwe mwenyewe, na mukwe haulizwi alichomaanisha.

Baraza la vita likaketi uani. Régine, jirani aliyesoma Kifaransa kwa masista, alilisoma neno kwa sauti, akatoa hukumu.

“Sikia vile inaisha, dada: *sang*. Ni damu.”

“Damu ya nini? Ile siku nilivalaka blanc, nyeupe kabisa.”

“Njo vile. Anasema kwa kichwa yako kulikuwa damu.”

“Na uko unanicheka.”

“Siwezi kukucheka mbele ya bakwe. Niko nangoja baende.”

Honorine akapiga hesabu. Ikiwa alisimama mbele ya wakwe na doa la damu kichwani, aibu hiyo Joëlle alikuwa akiila kila siku mezani kwao. Akautwaa mwavuli, akafunga kitambaa kilekile, akaivuka barabara ya vumbi kama majeshi yavukavyo mto, na mbwa wawili wakampisha.

Alimwendea Ephraïm, fundi wa redio, mwenye kamusi. Ephraïm alikifuta kigoda kwa mkono wa shati lake kabla ya kumkalisha, jambo ambalo historia hii haitalisahau.

“Nani anamusumbua mama yangu?”

“Neno.”

Akafunua kurasa, kidole kikashuka polepole. “Si nyekundu, Mama. Ni kitu kinaelekea wekundu, hakijafika. Banasema hivi kwa manyoya ya ndege, kwa nywele, kwa majani yakianza kugeuka.”

“Hakuna damu?”

“Humu ndani, hapana.”

“Lakini kitambaa changu ni cheupe.”

Ephraïm alikitazama kichwani pake, akachagua neno. “Ni cheupe, Mama. Cheupe cha Katuba.”

Ndipo Honorine alipoiona miaka tisa ya vumbi jekundu la kiangazi, lililoingia katika nyuzi na kukataa sabuni zote. Mukwe alikuwa ameliona tangu siku ile ya harusi. Angeweza kuandika “kichafu”. Kibemba kina neno la hilo, tena fupi. Badala yake alikwenda mbali, hadi kurasa ambazo watu hawafiki, akaleta neno la manyoya ya ndege.

Hakwenda sokoni, kwa maana soko haliuzi rangi hiyo. Alikivua, akakifua, akakipiga pasi, na saa sita kamili akampa Mama Chileshe kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

“*Rufe-sang*,” alisema Honorine, kwa matamshi ya Régine.

Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini hakumsahihisha. Alikifunga kichwani, akajitazama katika kidirisha, akasema, “Ndicho hasa.”

Iandikwe kwamba siku hiyo Katuba iliteka neno zima la Kiingereza, wala hakujeruhiwa mtu. Naye Régine, shahidi wa vita, hakucheka hata mgeni alipoondoka.

Langoni Honorine aliushika mkono wa Mama Chileshe.

“Urudi tena kiangazi kijacho, mukwe. Nimeanika kingine cheupe pale kambani. Utakikuta kinaelekea.”