Vita vya Lydia binti Marko na Gurudumu Lililopanda Bawani

Mbukwenyi, salamu kwenu, enyi watu wa uwanda wa kati! Zimeni simu zenu, wekeni chini vikombe vya chai, mpate kusikia vita alivyopigana Lydia binti Marko, mzawa wa Bahi, mhunzi wa ndege zisizo na chuma, akiwa ameketi juu ya kiti cha plastiki huko Nkuhungu, mjini Dodoma.

Lydia huyo aliunda ndege za mchezo wa kompyuta, ule ambao mtu hushika usukani mezani akaruka juu ya nchi nzima bila kutoka sebuleni. Ndege yake mpya, nyeupe, ya injini moja, aliiunda kwa ajili ya baba yake. Mzee Marko alikuja mjini kutibiwa jicho, na alasiri ile angepanda basi kurudi kwake. Tangu azaliwe hakuwahi kupanda ndege, na binti alikwisha kumwahidi kwamba kabla ya basi ataiona Bahi kutoka mawinguni.

Asubuhi hiyo mchezo ukajibadilisha wenyewe, ukaikataa ndege: ati imechongwa kwa programu ya kizamani. Haikubaki njia ila kuweka toleo jipya la programu hiyo.

"Usithubutu!" alinena Khamisi, simba wa Kondoa, mwunda ndege mwenziwe, aliyefika kumwamkia mzee. "Programu ya zamani ni punda anayekujua. Hii mpya itakubwaga mbele ya mzazi wako!"

"Khamisi," akajibu Lydia akiinuka kitini, "nimeahidi mbele ya aliyenizaa. Nirushie bando!"

Bando likarushwa, toleo jipya likashuka, likatangaza kuwasili kwake kwa mlio mmoja mdogo. Lydia akaifungua ndege yake. Ole wake! Gurudumu la kushoto lilikuwa limekaa juu ya bawa kama kofia ya bwana harusi, na vitufe vyote alivyovizoea vilikuwa vimehama makao bila kuaga.

Mzee Marko, bandeji jichoni, akasogea kutazama.

"Mwanangu, hii hutua chali?"

"Hapana, baba. Imejeruhiwa."

"Pole yake," akasema mzee, kisha akaitupia jicho la wizi saa ya ukutani, kwa adabu, asionekane.

Adabu ile ilimchoma Lydia kuliko mkuki. Akalishambulia gurudumu, likakimbilia mkiani. Akalifuata huko; likaingia ndani na kuketi kwenye kiti cha rubani. Khamisi akatoka nje kucheka, akarudi na uso wa msiba. Lydia hakumtazama. Alikuwa ameanza kuelewa: kila kipande cha ndege hushikiliwa na nukta yake, na katika kuhamia toleo jipya, nukta ya gurudumu ilikuwa imepinduka. Akaikamata, akaigeuza. Gurudumu likashuka taratibu, likajipachika chini ya bawa kama mtoto aliyekwisha kuonywa.

"Karibu, rubani," akasema Lydia, akimvutia kiti.

Mzee akaketi na mfuko wake wa safari mapajani. Binti akamwekea mikono kwenye usukani, akaushika pamoja naye, wakapaa. Dodoma ikabaki nyuma. Punde majaruba ya mpunga ya Bahi yakatandazika chini, na bwawa likametameta, na mzee akakisogelea kioo.

"Miaka yote nimelima ukingoni mwake," akasema. "Kumbe tumeishi pazuri hivi."

Wakatua kwenye uwanda mkavu kando ya mpunga. Gurudumu la kushoto likagusa ardhi, likashika, likabingirika. Khamisi akapiga yowe hadi jirani akachungulia.

Basi wanaotunza habari za mashujaa na waongeze na hii: kwamba siku hiyo, Nkuhungu, gurudumu lilikaa chini ya ndege, mahali pake; na kwamba Mzee Marko wa Bahi, baada ya kutua salama, aliukumbatia mfuko wake, akaishukuru kompyuta, akauliza mlango wa kushukia uko upande gani.