Kuhusu Kitanda Changu cha Mninga Kupelekwa Wodini

Kijijini, karibu na Tindiga, Kilosa
Masika, 1975

Kwa Theodory, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuongeza Vitanda

Ndugu Mwenyekiti,

Marahaba. Najua ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze muda.

Juzi balozi wetu wa nyumba kumi, Ulimboka, alisimama mlangoni kwangu akasema wodi imejaa na fedha za kununua vitanda hakuna, hivyo kila nyumba kumi zitoe kitanda kimoja. Akachagua changu, eti kwa sababu nalala peke yangu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kitanda hiki alikichonga marehemu mume wangu. Wanangu wote nimewazalia hapo. Hata wewe, Ndugu Mwenyekiti, mama yako Regina alikuzalia hapo hapo, maana kwake kulikuwa na mkeka tu. Ulilia kama mtu anayedai.

2. Mkikichukua nitalala chini, na masika haya sakafu inatoa maji. Nitaumwa kifua, mtanibeba mpaka wodini, mtanilaza juu ya kitanda changu mwenyewe. Mtakuwa mmeongeza kitanda kimoja na mgonjwa mmoja. Nafasi iko wapi?

3. Na wenzangu waliotoa vitanda watanifuata huko huko.

4. Mgonjwa haendi peke yake. Kila mmoja ana mtu wa kumpikia uji, naye hulala uvunguni. Sasa shamba la kijiji atalima nani? Ulimboka?

Basi naomba hivi. Mlipotuhamishia hapa mlizipanga nyumba zetu mistari minyoofu, kama wodi. Tangazeni kijiji kizima kuwa hospitali. Vitanda vipo, watu wamelala, uji unachemka. Kilichobaki ni mganga kupita asubuhi akitutazama ndimi. Gharama ni soli za viatu vyake tu.

Nisalimie mama yako, mkeo na kamati nzima, hata Ulimboka.

Ni mimi bibi yenu mwenye kitanda,
Selestina, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima cha jioni

Nyongeza: Kitanda msikifuate nyumbani, kiko wodini. Jana nilikwenda huko kumtazama Fausta, mke wa Ulimboka, nikamkuta na uchungu, amelazwa sakafuni. Nikamfokea Ulimboka, tukaenda kukibeba, yeye mbele mimi nyuma. Amezaa mtoto wa kike, naye analia kama wewe. Kamba za upande wa miguuni zimelegea, zikazwe. Na mtu asinihamishe: nimo uvunguni, nangoja uji wa Fausta upoe.